Eliya hakupanda gari

Nilipokuwa mtoto pale Busia, upande wa Uganda, niliamini kwamba nabii Eliya alikwenda mbinguni kwa baiskeli. Sikulitunga hilo mwenyewe. Miaka hiyo ya mwisho ya 1970 kanisani kwetu ilisomwa Biblia ya Kiganda, ile iliyokamilika mwaka 1896, na sisi Wasamia tulijifunza maneno yake kabla ya kuijua lugha yenyewe sawasawa. Humo, chombo kilichotokea kati ya Eliya na mwanafunzi wake Elisha kinaitwa eggaali. Neno ni hili hili letu la gari, lililotoka Uhindi likapita pwani likapanda bara, ila Waganda walilivisha baiskeli. Kwa hiyo mzee msomaji alipofika kwenye eggaali ya moto, sisi watoto wa benchi la mbele hatukuhitaji maelezo.

Isitoshe, baba mdogo alikuwa nayo. Alikuwa mmoja wa wale waliobeba watu kutoka kituo cha mpaka cha Uganda hadi cha Kenya, kazi iliyozaa jina la boda boda pale pale kwetu kabla halijahamia kwenye pikipiki na kuenea kila mji. Kati ya vituo viwili palikuwa na kipande cha njia cha kumchosha mtu mwenye furushi, na magari hayakukivuka ovyo kwa sababu ya makaratasi. Wakajitokeza vijana wenye baiskeli nyeusi za chuma, mto wa sponji juu ya keria, wakaanza kuita wateja. Basi nilimwona Eliya ameketi juu ya mto ule, kanzu ameikusanya isinaswe na spoku, malaika anakanyaga, na Elisha nyuma anapiga kelele kwa kuwa keria inabeba mmoja tu.

Nilipokua niliicheka sana picha hiyo. Sikujua kwamba ile niliyoipata nikiwa mtu mzima ndiyo iliyokuwa mbovu zaidi.

Kiswahili nilikipata kwa askari na kwa madereva wa masafa marefu, na hadi leo nikikasirika hutoka kwanza kile cha madereva. Mmoja wao, mtu wa Mombasa, aliniachia Biblia yake, ile ya Union Version ya mwaka 1952, jalada limekula grisi. Humo eggaali ilikuwa gari. Gari la moto, magari ya Farao, magari ya chuma. Nami wakati huo nilikuwa taniboi, utingo wa lori, nalala juu ya mizigo au chini ya ekseli, na mtu wa kazi hiyo akisoma neno gari haoni farasi. Anaona tairi 10 na moshi. Magari 600 ya Farao yaliyochaguliwa niliyaona kama foleni ya malori ya Malaba, ila yenye hasira. Na kwa kuwa tuliokuwa barabarani tuliigawa dunia kati ya wenye magari na wanaongoja magari, nikasoma Biblia hivyo hivyo: Mungu akimpenda mtu humletea gari.

Lakini kabla ya lori nilikuwa nimepita mikononi mwa fundi baiskeli, na hapo lazima nikawie kidogo.

Mzee yule alinifundisha kufuma gurudumu. Ndivyo alivyosema, kufuma. Baiskeli zetu za chuma zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, maana nyuma ndiko anakokaa abiria. Unashika habu, unazipitisha moja moja, hii juu ya ile, hadi zote 40 zimekamata rimu. Ukifika hapo unadhani umemaliza, kumbe una kitu kinachoyumba kama mlevi anayerudi nyumbani. Kazi inaanza sasa: robo mzunguko huku, robo kule, unazungusha, unatazama, unarudia. Kijana mwenye haraka huiona spoku iliyolegea akaikaza hiyo peke yake kwa nguvu zake zote, na rimu nzima inapinda kumfuata. Nilifanya hivyo. Mzee akanigonga vidole kwa spana. "Usimkamate mmoja," akaniambia. "Mtazame wa upande wa pili anavuta nini." Yeye mwenyewe alizigusa kwa ukucha akisikiliza, kama mpiga nanga, akajua kwa sikio kipi kimelegea kabla jicho halijaona.

Miaka ilipopita, nikawa msomaji wa kanisa na Biblia ikawa sehemu ya kazi, nilikutana na magurudumu ya Sulemani katika Wafalme wa Kwanza sura ya 7, nikafurahi peke yangu kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Ni vile vitako 10 vya shaba vilivyobeba mabirika ya hekalu. Watu wengi hupita hapo wakisinzia. Mwandishi anasema magurudumu yake yalifanywa kama ya gari la vita, kisha anataja ekseli, rimu, spoku na habu, kila kimoja kwa jina lake, na kwamba vyote vilikuwa vya kuyeyushwa. Kimo cha gurudumu ni dhiraa moja na nusu. Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, kiwiko hadi ncha ya kidole: inakaribia sentimita 70. Pungufu kidogo tu ya tairi yetu ya inchi 28! Nilitoka nje nikasimamisha gurudumu la nyuma ukutani, nikalitazama kwa heshima mpya.

Jicho hilo la fundi ndilo lililonipeleka tena kwenye Bahari ya Shamu. Kutoka 14 inasema Bwana "akayaondoa magurudumu ya magari yao, hata yakaenda kwa uzito". Zamani niliyaona yakichomoka kama tairi la lori lililolegezwa nati. Lakini gari la Mmisri lilikuwa chombo chepesi ajabu: farasi wawili, watu wawili, mmoja ameshika hatamu na mwingine upinde. Kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, lilikuwa na magari sita ya namna hiyo, magurudumu yake yana spoku sita za mti uliopindwa, na viungo vimekazwa kwa ngozi mbichi. Ngozi mbichi ikikauka hushika kuliko msumari. Sasa muulize yeyote mwenye ngoma kinachoipata ngozi ikilowa. Mpiga ngoma wetu hapa kanisani mvua ikimkuta njiani huivulia ngoma koti lake, yeye akalowa. Sisemi hiyo ndiyo njia aliyoitumia Mungu. Kitabu kinasema ni Bwana, kinaishia hapo. Nasema tu kwamba jeshi lile liliingia mahali ambapo gundi yake, ngozi yake na wepesi wake, vitu vyote vilivyolifanya liogopwe katika nchi kavu, viligeuka kuwa mzigo.

Habari ya tope sikuihitaji kuisoma. Niliila.

Tulikuwa tumetoka Mbale na mahindi na sabuni kwenda Moroto. Njia ya Nakapiripirit wakati huo haikuwa na lami. Udongo wa uwanda ule ni mweusi. Kiangazi unapasuka hadi unaweza kutia mkono mzima kwenye ufa, na ukipata maji unageuka ugali. Sisi hatukupata hata tone. Mvua ilinyesha usiku juu ya mlima Kadam, tukawa tunatazama radi kwa mbali kama watu wanaoangalia harusi ya jirani, na alfajiri maji yakatufikia chini. Lori lilikuwa na tani zake, likazama taratibu hadi ekseli, kwa adabu kabisa, bila kelele. Tulichimba. Tulikata matawi tukayatandika. Kadiri dereva alivyokanyaga mafuta ndivyo tulivyoshuka.

Tajiri mwenyewe alikuwemo safari hiyo, mtu mwenye malori manne, suruali ya mstari, viatu vya ngozi. Siku ya pili alivua viatu, akazifunga kamba zake pamoja, akavitundika shingoni, akashuka akatembea kwa miguu kwenda kwenye maboma ya Wakaramoja tuliyoyaona upande wa mlima. Mimi nilimfuata nyuma na dumu. Tulipofika mama mmoja alitukaribisha kivulini. Tajiri aliomba maji kwa ishara, akaletewa maziwa ndani ya kibuyu. Akanywa, akajinyosha chini ya mti, akakoroma hadi jua likapinda.

Niliposoma Waamuzi sura ya 4 kwa makini, miaka kama sita baadaye, nywele zilinisimama. Sisera, jemadari mwenye magari ya chuma 900, anashuka garini mwake anakimbia kwa miguu. Anafika hemani kwa mwanamke Yaeli. Anaomba maji, anapewa maziwa, analala. Yaeli anachukua kigingi cha hema na nyundo. Namshukuru Mungu kwamba mama yule wa Karamoja hakuwa na ugomvi na tajiri wangu, na namshukuru tena kwamba sikuwa nimeisoma sura hiyo kabla ya safari, maana nisingeyanywa yale maziwa.

Hapo ndipo magari ya chuma yaliponielea. Mwanzoni mwa kitabu hicho hicho Yuda wanashinda milimani na kushindwa bondeni, kwa sababu watu wa bondeni wana magari ya chuma. Msebei wa kule Kapchorwa angeielewa vita hiyo bila mwalimu: panda juu, uone kama gari litakufuata. Debora na Baraka, viongozi wa Israeli, walikaa juu ya mlima Tabori. Sisera akapanga 900 yake chini, karibu na mto Kishoni, mahali pazuri kabisa pa kukimbizia magari, na wimbo wa Debora katika sura ya 5 unaeleza kilichofuata: mawingu yalidondosha maji, Kishoni ukawachukua. Wenye miguu mitupu wakashuka mlimani wakati wenye chuma wamekwama. Sijui kama kuna taniboi yeyote aliyewahi kuulizwa maana ya sura hiyo. Tungeulizwa tungeokoa muda.

Sulemani nitampita haraka. Alikuwa na magari 1,400, na gari moja kutoka Misri lilimgharimu shekeli 600 za fedha, karibu kilo 7, farasi akawa 150. Torati ilikuwa imemwonya mfalme asijiongezee farasi, na Samweli alikuwa amewaambia watu waziwazi kwamba mfalme atawachukua wana wao wapige mbio mbele ya magari yake. Absalomu, alipotaka ufalme wa baba yake, kitu cha kwanza alichojipatia ni gari, farasi na watu 50 wa kukimbia mbele. Aliyewahi kusukumwa kando ya barabara ya Kampala na ving'ora anajua kwamba desturi hiyo haijafa. Basi.

Ninalotaka kusimulia hasa ni la pikipiki ya mdogo wangu.

Mwaka 2009 nilikuwa tayari na kibanda changu cha ufundi, na mdogo wangu alikuwa bado anabeba watu kwa baiskeli ya baba mdogo, ile ile, nimeifuma upya mara sijui ngapi. Wateja walikuwa wamehamia kwenye pikipiki. Mimi ndiye niliyemsukuma akope. Mimi ndiye niliyetia sahihi kama mdhamini. Na pikipiki ilipokuja, inang'aa, plastiki bado kwenye kiti, mimi ndiye niliyeisimamisha mbele ya kanisa Jumapili ile nikaiombea, kwani kwetu mtu akipata chombo kipya hukileta kibarikiwe. Somo nililolichagua lilikuwa Wafalme wa Pili sura ya 2. Gari la moto. Nikahubiri kwamba Mungu anapomwinua mtu humletea usafiri, kwamba Eliya alitembea kwa miguu maisha yake yote, lakini siku yake ilipofika, mbingu zilimletea gari mlangoni. Watu walipiga vigelegele. Mama alicheza. Mimi mwenyewe niliona nimehubiri vizuri kuliko siku zote.

Miaka miwili baadaye, usiku wa mvua kwenye njia ya kwenda Tororo, lori liligonga pikipiki ile. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nitaeleza habari ya mama. Mama alikuwa na desturi, tangu siku za baiskeli, ya kutolala hadi asikie mwanawe amerudi. Hakuhitaji kufungua mlango. Kila chombo kina sauti yake. Ile baiskeli ilikuwa na madigadi iliyolegea, pikipiki ilikuwa na namna yake ya kukohoa kabla ya kuzimwa. Usiku ule niliitwa kwake saa tano. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, taa ameipunguza isimzuie kusikia. Zilipita pikipiki nyingi. Kila moja aliinua kidole, tukanyamaza, kisha akakishusha. "Siyo," alisema. Baadaye tena, "Siyo." Hadi simu yangu ikalia.

Kuna mstari karibu na mwisho wa wimbo wa Debora. Sisera amekwisha kufa, kigingi kimepita, na wimbo unaacha uwanja wa vita unakwenda nyumbani kwa adui. Mama yake Sisera anachungulia dirishani, analia akiuliza mbona gari la mwanawe linakawia, mbona magurudumu yake hayasikiki. Nilipangiwa kusoma sura hiyo ibadani miezi michache baada ya ajali, nikafika hapo, sauti ikakataa. Mwalimu mwenzangu alimalizia. Hadi leo sijui ni nani aliyeitia ndani ya wimbo wa ushindi, wakati watu wanashangilia, sauti ya mwanamke wa upande wa pili anayesubiri kusikia gurudumu. Ni kweli, mistari inayofuata inaharibu. Wanawake wake wenye hekima wanamtuliza, naye anajituliza, kwamba vijana wanakawia kwa sababu wanagawana nyara, msichana mmoja au wawili kwa kila mwanamume. Hapo huruma yangu kwake husimama. Lakini haiondoki, inasimama tu.

Mdogo wangu aliishi. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Wodi aliyolazwa ilikuwa na vijana wa boda tupu, mguu huu umening'inizwa, ule umefungwa plasta, wakilinganisha makampuni ya pikipiki kama wanavyolinganisha watu timu za mpira. Nilimpelekea ile Biblia yenye grisi apitishe siku, na nilikwenda kila Jumamosi bila kuweza kumtazama usoni, nikikumbuka vigelegele vya ile Jumapili.

Jumamosi moja nilimkuta amefungua sura yangu ya 2.

"Kaka," akasema, "uliisoma hii yote, au uliisikia?"

Nikamwambia nimeisoma mara nyingi.

"Hebu soma hapa. Polepole."

Nikasoma. Kukatokea gari la moto na farasi wa moto, likawatenga wale wawili, naye Eliya akapanda mbinguni kwa upepo wa kisulisuli.

"Alipanda kwa nini?"

"Kwa kisulisuli," nikasema.

"Na gari lilifanya nini?"

Gari liliwatenga. Lilipita katikati. Nilirudia mstari, nikaenda juu, nikashuka chini. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Eliya aliweka mguu ndani. Baiskeli yangu ya utotoni, lori langu la ujana, mahubiri yangu ya mwaka 2009, vyote vilikuwa vimempandisha mtu garini ambaye hakulipanda.

"Basi na mimi ni hivyo," akasema mdogo wangu. "Limepita katikati, likatutenga, mimi na mguu wangu." Akacheka hadi muuguzi akaja kuona kuna nini. Mimi sikucheka. Sasa hivi ninapoandika ndipo ninapoweza.

Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, aliendelea kusoma na kunisomea, akawa amewatafuta wote wenye magari kama askari wa barabarani anavyokagua leseni. Ahabu: alijificha kwa mavazi mengine, mshale uliotupwa kwa kubahatisha ukampata kwenye kiungo cha vazi la chuma, akashikiliwa wima garini hadi jioni, na damu ikajaa sakafuni mwa gari. Naamani: alifika na farasi na magari mlangoni kwa Elisha, nabii hakutoka hata nje, akatuma mtu, ila baada ya kupona ukoma anaonekana akishuka garini kumlaki mtumishi anayemkimbilia. Eliya mwenyewe, siku ile ya mvua baada ya Karmeli, alikimbia kwa miguu mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli, na alifika. Mkushi wa Matendo sura ya 8 ndiye tuliyempenda sote wawili. Mtu mkubwa, mtunza hazina, ameketi garini anasoma Isaya kwa sauti, na Filipo anakimbia kandokando ya gurudumu kama kijana wa stendi anayeuza maji kwenye dirisha la basi. Anamwuliza kama anaelewa. Yule anajibu atawezaje pasipo mtu wa kumwongoza, anamkaribisha apande. Na walipoona maji, gari likasimamishwa, wakashuka wote wawili. Kushi yake ni nchi ya Mto Nile, kule Sudan ya leo, kwa hiyo maji yanayotoka Jinja hapa kwetu yanapita kwao. Hilo halina uzito wowote katika fundisho, nalipenda tu.

Kilichobaki kwangu kutoka wodi ile ni kelele ya Elisha, ile niliyodhani utotoni kuwa ni lalamiko la kuachwa na keria. "Baba yangu, baba yangu, gari la Israeli na wapanda farasi wake!" Halitaji gari la moto, lilikwishapita. Anamwita yule mzee. Na sura ya 13, Elisha naye akiwa mgonjwa wa kufa, mfalme Yoashi anamlilia kwa maneno yale yale. Kwa hiyo nchi ilikuwa na magari mawili tu ya kutegemewa, na yote mawili yalikuwa wazee wenye fimbo. Daudi katika Zaburi ya 20 anasema hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la Bwana. Nilikuwa nimeuimba mstari huo miaka mingi huku nikitaja magari.

Mwaka 2013 kanisa lilituma kikundi Nakivale, kule Isingiro, kambi ya wakimbizi iliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengi waliokuwa wanaingia wakati huo walikuwa Wakongo wa Kivu waliokimbia vita, na kwa kuwa Kiswahili ndicho walichokuja nacho nikawekwa kwenye kikundi hicho. Sikuwa na mahubiri. Nilibeba spana, spoku, gundi na viraka, nikakaa chini ya mti nikitengeneza baiskeli. Jioni watu walikaa wakiongea. Mama mmoja wa Rutshuru aliniona na rimu tupu mapajani, isiyo na spoku hata moja. Rimu ikiwa tupu unaona matundu yake yote 40, duara zima, yanakutazama.

"Baba," akaniambia, "hiyo ni ya Ezekieli."

Nikamwuliza kwa nini.

Akasema kila mtu huongea habari ya macho yale kwenye rimu na gurudumu ndani ya gurudumu, kana kwamba ni fumbo la kuogopesha. Yeye alipolisoma njiani, mtoto mgongoni, halikumwogopesha. Ezekieli alikuwa mkimbizi kama wao, kando ya mto Kebari huko Babeli, mwaka wa 5 tangu mfalme Yehoyakini achukuliwe. Hekalu limebaki Yerusalemu. Mtu wa namna hiyo anafikiri Mungu amebaki kule na nyumba yake. "Mimi nilidhani alibaki Rutshuru," akasema. "Halafu nikasoma kwamba kiti chake kina magurudumu."

Hakuongeza kitu. Mtoto wake alikuwa akilia.

Niliporudi Busia nilijaribu kuijenga. Nilichukua rimu mbili chakavu, nikaingiza moja ndani ya nyingine zikakatana, nikazifunga kwa waya. Ezekieli anasema yalikwenda pande zote nne bila kugeuka. Yangu ilikwenda upande mmoja ikaanguka. Mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa anakaa kibandani nami akifuma spoku akiwa ameketi, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu, aliitazama akasema nimesahau kutia roho. Watoto wakaichukua, wakaipiga mateke barabarani mwezi mzima.

Yeye amepata chombo chake. Pale mpakani kuna wenzetu wengi wasio na miguu ambao huvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazokanyagwa kwa mikono, sanduku kubwa nyuma, na mbele ya sanduku mtu mwenye mabega kama ya ng'ombe. Alijiunga nao. Trei za mayai, mafuta ya kupikia, sabuni. Magurudumu yote matatu niliyafuma mimi, na sikumwalika mtu kanisani kuyabariki. Nyuma nilitia spoku nene, nikazipima kwa sikio kama alivyonifundisha mzee.

Kuna kitu kimoja kinachonikera kama fundi. Madigadi ya gurudumu la kushoto imelegea, na kila akipita kwenye mawe inagonga, kwa-kwa-kwa, unamsikia tangu kwenye kona ya msikiti. Ni kazi ya dakika tano, nati moja na washa. Jumapili iliyopita nilikuwa nimekwisha inama na spana mkononi, mama akanitazama kutoka kwenye kigoda chake cha dirishani.

"Hiyo iache," akasema.